Mtu wa Nne

Triathloni ni mchezo ambao bado haujazoeleka kwetu Ufipa. Mshiriki huogelea, kisha huendesha baiskeli, kisha hukimbia, yote kwa mfululizo bila mapumziko. Mchezo huu ulianza mjini San Diego, Marekani, mwaka 1974, ukaingia katika Michezo ya Olimpiki mjini Sydney mwaka 2000. Vilabu vya watu wa kawaida hupenda zaidi mtindo wa kupokezana, ambapo watu watatu hugawana kazi: mmoja anaogelea, wa pili anaendesha baiskeli, wa tatu anakimbia. Mtindo huo ndio uliochaguliwa na klabu yetu ya mazoezi, yenye madaktari, wauguzi, wateknolojia wa maabara na madereva, tulipokwenda mwisho wa juma kushindana kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, upande wa Kasanga.

Naandika kuitetea safari hiyo, kwa kuwa naamini watumishi wa afya wanazihitaji safari za namna hiyo kuliko wanavyokubali. Naandika pia kukiri jambo lililonipata huko, ambalo limebadilisha namna ninavyozungumza na wagonjwa wangu.

Nianze na utetezi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza ulionesha kwamba takriban mtu mmoja kati ya kila wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 nchini Tanzania alikuwa na shinikizo la juu la damu. Koti jeupe halimkingi mtu na hesabu hiyo. Zamu za usiku, chakula cha haraka kinacholiwa kwa kusimama, usingizi wa vipande vipande na saa nyingi za kukaa kitini hutuweka sisi tunaotibu katika hatari ile ile tunayowaonya wengine. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki. Ni wangapi kati yetu tunaozifikisha?

Mbio za kupokezana zina faida ya kipekee hapa, kwani hazimtaki mtu ajue yote. Katika klabu yetu yumo dereva aliyekulia ziwani, anayeogelea kama wengine wanavyotembea. Yumo muuguzi aliyeendesha baiskeli tangu shule ya msingi katika barabara za vumbi za uwanda wa Ufipa. Kila mmoja wao peke yake asingethubutu kuingia triathloni. Wakiwa pamoja, wanakuwa timu. Tena ziwani cheo hakisaidii kitu. Daktari bingwa anaweza kufundishwa kupumua majini na dereva wake, na jambo hilo lina faida hata tunaporudi wodini.

Sasa nije kwenye kukiri. Timu yetu ilikuwa na huyo dereva wa kuogelea mita 750, huyo muuguzi wa baiskeli kilomita 20, na mimi wa kukimbia kilomita 5. Tulifanya mazoezi kwa miezi miwili. Asubuhi ya Jumamosi, kabla ya mashindano, sista mmoja wa klabu alitoa kipimo cha presha na kusema hakuna atakayeingia bila kupimwa. Wengi tulicheka, lakini tukapanga mstari.

Kipimo changu kilisoma 172 kwa 108. Alinikalisha kivulini dakika tano, mgongo ukiwa umeegemea na mkono ukiwa juu ya meza, akapima tena. Kikasoma 170 kwa 106. Nikaanza kumweleza habari za safari, chai niliyokunywa, na usingizi wa kitanda cha ugenini. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa heshima yote: "Dokta, huyu angekuwa mgonjwa wako, ungemruhusu?"

Sikuwa na jibu. Miongozo ya tiba ya moyo iko wazi kwamba mtu ambaye shinikizo lake la juu, akiwa ametulia, linazidi 160 na halijadhibitiwa hapaswi kufanya mazoezi makali wala kushindana hadi litakapodhibitiwa. Nilikuwa nimewafundisha hivyo wengine. Jambo zito zaidi ni kwamba kipimo kile hakikunishangaza. Mara mbili katika miezi iliyotangulia nilikuwa nimejipima na kukuta zaidi ya 150, nikajiambia kuwa ni uchovu, nikaendelea na kazi. Katibu wa klabu alipotuuliza kama kuna mwenye tatizo la afya, nilisema sina.

Kwa nini daktari aliyesoma miaka yote hiyo aseme uongo kama huo? Nimejichunguza sana. Sikuogopa dawa, wala sikukosa elimu. Niliona haya kuwaangusha wenzangu wawili. Timu ilikuwa ya watu watatu, na mmoja akitoka hakuna timu. Kadiri siku ya mashindano ilivyokaribia ndivyo kusema kulivyokuwa kugumu zaidi.

Siku ile wenzangu waliingia na kumaliza sehemu zao, lakini timu haikuhesabiwa katika matokeo kwa kukosa mkimbiaji. Nilitarajia dereva wetu aniambie pole. Alikuja na taulo begani, akaketi, akasema: "Dokta, ungetuambia mapema tungetafuta mtu." Hakusema zaidi. Alikuwa na haki. Ugonjwa wangu ungeweza kupangiwa mpango. Kimya changu hakikuweza. Wahenga walikwisha kutuambia kuwa mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi niliumbuliwa kwa kipimo tu, ambayo ni bahati.

Bahati hiyo ina takwimu zake. Nchini Marekani, watafiti walichunguza vifo vya ghafla, mioyo iliyosimama na vifo vya ajali katika triathloni kati ya mwaka 1985 na 2016. Walipata matukio 135. Tisini kati ya hayo yalitokea wakati wa kuogelea. Asilimia 85 ya waliopatwa walikuwa wanaume, na wastani wa umri wao ulikuwa chini kidogo ya miaka 47. Naomba msomaji asiogope, kwa kuwa hatari hiyo ni ndogo, chini ya watu wawili kwa kila washiriki 100,000, na mazoezi ya kawaida huokoa maisha mengi kuliko yanayopotea mashindanoni. Kwa mtu mwenye shinikizo la juu la damu, mazoezi ya mara kwa mara hulishusha shinikizo hilo. Hata hivyo, mwanamume wa miaka arobaini na kitu anayeficha presha yake asijidhani yuko nje ya hesabu ile.

Kuna jambo lililonisumbua zaidi niliporudi kazini. Kliniki huja mkulima wa mpunga kutoka Kaoze, kule bondeni upande wa Ziwa Rukwa. Amepanda ukuta wa Lyamba lya Mfipa hadi Sumbawanga akiwa na presha iliyokwisha kuathiri figo. Kwa miaka mingi swali langu la kwanza kwa mgonjwa kama huyo lilikuwa moja, nalo nililiuliza kwa sauti ya lawama: "Kwa nini umechelewa?" Naye huinamisha kichwa na kusema alikuwa na kazi.

Sasa nalielewa jibu hilo. Mpunga unapoanza kukomaa, lazima awepo wa kuamia ndege. Yeye akiondoka siku tatu kwenda hospitali, mke na watoto wanabaki na kazi yake juu ya yao. Kaya yake ni timu isiyo na mtu wa akiba, kama ilivyokuwa timu yetu. Yeye naye, kama mimi, anaona haya kuwaangusha wenzake, basi anasubiri mavuno yaishe. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilipoteza mbio za kilomita tano, naye anaweza kupoteza figo.

Kwa hiyo nimebadili swali. Siku hizi ninauliza: "Ukija kliniki, nani anashika kazi yako?" Swali hili halimlaumu mtu, na majibu yake yananisaidia kupanga tiba. Mara nyingine tunapata tarehe isiyogongana na kazi ya shamba. Mara nyingine tunakubaliana kwamba presha itapimwa kwenye zahanati iliyo karibu naye, na safari ya kuja mjini ibaki kwa jambo linalolazimu. Mara nyingine anakumbuka kuwa yupo shemeji anayeweza kumshikia kazi, ila hakuwahi kumwomba kwa kuwa hakuwahi kumwambia kuwa anaumwa. Nawaomba watumishi wenzangu walijaribu swali hili. Nawaomba wagonjwa nao wajiulize wenyewe, wawaambie wa nyumbani mapema, kabla ya siku ambayo mwili utajisemea wenyewe.

Nirudi kwa vilabu, kwani natumaini vitaongezeka. Pendekezo langu kuu ni kwamba kila timu ya watu watatu iandikishe watu wanne. Mtu wa nne afanye mazoezi yote pamoja na wenzake, na awe tayari kuingia hadi dakika ya mwisho. Akiwepo yeye, neno "leo siwezi" linakuwa jepesi kutamka. Upimaji nao uanze wiki kadhaa kabla, ili atakayekutwa na presha apate muda wa kutibiwa na pengine kushiriki. Aulizwe pia kama amewahi kuzimia au kuumwa kifua akifanya mazoezi, kama moyo humwenda mbio bila sababu, na kama katika ukoo wake yupo aliyekufa ghafla akiwa kijana. Jibu la ndiyo kwa swali lolote kati ya hayo lina maana ya kumwona daktari kwanza.

Wapo watakaosema kuwa upimaji utawaaibisha watu na kuwakimbiza. Hoja hiyo ina uzito, nami naijibu hivi: namba abaki nazo mpimaji na mpimwaji. Klabu itangaziwe tu kuwa fulani anaingia au haingii, na pasiwe na ruhusa ya kuuliza sababu.

Yapo na mambo ya mazingira yetu. Sumbawanga iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni ya baridi. Mwambao wa Ziwa Tanganyika uko chini ya mita 800, na joto lake ni jingine kabisa. Mwili huhitaji siku 10 hadi 14 kuzoea joto, muda ambao safari ya mwisho wa juma haiutoi. Basi mbio zianze alfajiri, na mkimbiaji apunguze kasi aliyoizoea nyumbani. Anayetumia dawa za presha zinazoongeza mkojo awe mwangalifu zaidi, na asiache dawa yoyote bila kushauriana na aliyemwandikia. Desturi ya kumeza diklofenaki kabla ya mashindano ili kuzuia maumivu tuiache. Dawa hiyo hupandisha presha na huweza kudhuru figo za mtu aliyepungukiwa maji.

Majini tuwasikilize wavuvi, maana wanajua mamba na viboko hupenda sehemu gani. Mitumbwi iwafuate waogeleaji kwa karibu, na mmoja asiogelee peke yake hata mazoezini. Ufukwe wa maji yaliyotulia na wenye magugu tuukwepe kwa sababu ya kichocho, na wiki kadhaa baada ya safari walioingia majini wapimwe. Mwisho, kila mwanaklabu, awe daktari au dereva, ajue kumhudumia aliyesimama moyo: kubonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kukata tamaa hadi msaada ufike. Kwa aliyezama, kumpulizia pumzi ndiko kunakotangulia.

Mimi nimeanza dawa, natembea kila asubuhi, na chumvi mezani imeondoka. Sista yule ndiye anayenipima, naye hanionei haya. Klabu imekwisha kupanga kurudi ziwani. Timu yetu imeandikisha watu wanne, na safari hii wa nne ni mimi.