Mume Yu Hai, Eda ya Nini?

Mwenye kuuguza mume au mke aliyepatwa na saratani hupimwa Bamburi kwa kipimo kimoja tu: huzuni yake inaonekana kiasi gani. Akikutwa ufuoni Pirates jioni akitazama bahari, akicheza dhumna kwenye baraza za Kiembeni, au akicheka ndani ya tuktuk, husemwa kuwa hana uchungu na mwenzake. Imani hii imezoeleka mitaani siku nyingi, na hivi majuzi imepata wakili. Katika mawaidha yaliyorushwa kwa vipaza sauti hadi barabara ya Malindi, wanandoa wenye wagonjwa walitakiwa waache upuuzi mpaka Mungu alete shifaa. Upuuzi uliotajwa ni mpira, karata na hina.

Mawaidha hayo yameisahau sheria yenyewe. Uislamu umeyawekea mpaka hata maombolezo ya maiti: siku 3 kwa jamaa, na miezi 4 na siku 10 kwa mjane. Aliyefiwa kweli ana tarehe ya kutoka. Lakini mwanamke ambaye mumewe yu hai, anakunywa uji na kuuliza matokeo ya timu ya Bandari, anatakiwa akae eda isiyo na mwisho. Mwanamume naye, ambaye sheria haikumpangia eda hata mkewe akifa, leo anapangiwa na majirani. Kumuombolezea aliye hai ni kumzika kabla ya siku yake, na mgonjwa huliona hilo kitandani pake kuliko mtu yeyote. Waadhi wanakijua pia kisa cha Hanzala, sahaba aliyejiona mnafiki kwa sababu akifika nyumbani moyo wake ulihamia kwa mke na watoto. Mtume hakumkemea, alimtuliza kwamba kila hali ina saa yake. Wakristo nao wana sura ya 3 ya Kitabu cha Mhubiri, ambamo kucheka kumetengewa wakati. Mhubiri asiyekijua Kitabu cha Mhubiri ana la kujieleza.

Wanaohukumu hawaujui ugonjwa wenyewe vilevile. Saratani si homa ya siku nne. Kemo hutolewa kwa mizunguko, na mingi ni ya siku 21: siku ya dripu, siku chache za kichefuchefu, kisha siku ambazo chembe nyeupe za damu hushuka na mgonjwa akalindwa asiambukizwe, ahueni kidogo, halafu dripu tena. Mionzi kwa kawaida hupigwa siku 5 kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Pwani aliyehitaji mionzi katika hospitali ya umma alilazimika kusafiri hadi Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi, na mwenzake akawa mgeni asiyejua ataondoka lini katika nyumba ya jamaa. Muda mwingi wa ugonjwa huu ni wa kungoja: majibu ya vipimo, kitanda, damu. Na tangu bima ya afya ya SHA ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 1, 2024, kuna pia kungoja mtandao urudi ili idhini ya malipo ipite. Serikali iliyoona haja ya kubadilisha jina la bima haikuona haja ya kubadilisha mabenchi. Anayeketi juu ya benchi hilo tangu alfajiri na kuanza kujaza chemshabongo ya Taifa Leo hajamsaliti mtu.

Mwili nao una hesabu zake. Mwaka 1995, watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State walitia kidonda kidogo mkononi mwa wanawake 13 waliokuwa wakiuguza jamaa wenye maradhi ya kusahau, na 13 wengine wasiouguza mtu. Vidonda vya wauguzaji vilichelewa kupona kwa siku 9 hivi. Mwaka 1999, utafiti wa Pittsburgh juu ya wazee wanaotunza wenzi wao ulikuta kwamba walioelemewa na kazi hiyo walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 63 ile ya wazee wasiouguza mwenzi. San Francisco nako, mtafiti Susan Folkman aliwafuatilia wanaume waliowauguza wenzi wao wenye UKIMWI, akakuta furaha ndogondogo za kila siku zikiishi pamoja na majonzi bila kuyafuta. Tanuri la saruji huwaka usiku na mchana kwa kuwa mafundi hupokezana zamu. Nyumba ya mgonjwa hutakiwa iwake vivyo hivyo kwa fundi mmoja, na akisinzia husutwa.

Hoja kubwa ya upande wa pili ni kwamba kicheko nyumbani mwa mgonjwa huleta mkosi. Ni kama kwamba uvimbe una masikio, na ukisikia mlio wa dhumna hukua. Wenye hoja hii hawajaeleza kwa nini uvimbe haukui wanapokuja wao kumtazama mgonjwa, wakaketi ukumbini na kuwataja kwa majina wote waliokufa kwa ugonjwa kama wake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hawa hawajatandika hata shuka lake.

Na hukumu yenyewe haina usawa. Mwanamume akienda kunywa kahawa chungu barazani, husemwa maskini anapoza moyo. Mwanamke akipaka hina au akisukwa, husemwa ameshaanza kutafuta mume mwingine. Ndugu wa mume wanaolalamikia hina hiyo ndio hao hao walioacha kuchangia kwenye kundi la WhatsApp baada ya mwezi wa pili.

Burudani inayomfaa muuguzaji ina sifa zinazojulikana: ni fupi, inakatizika simu ikilia, haina gharama kubwa, na ikiwezekana inashughulisha mikono. Kushona kofia ya vito kunatimiza yote, hata kwenye foleni ya famasi. Bao na drafti huacha akili ifikirie jambo lenye mwisho. Mgonjwa mwenye nguvu anaweza kushirikishwa: Haller Park, ambako René Haller alianza kupanda mivinje mwaka 1971 katika machimbo makavu ya kiwanda cha saruji, ina kivuli cha kutosha kwa mume na mke kutembea polepole bila mtu kutaja kipimo. Isiyofaa ni ile inayomtoa muuguzaji nyumbani kutwa nzima au inayomaliza pesa za dawa, na hiyo haihitaji waadhi kuikataza. Mfuko hukataza wenyewe.

Jirani mwenye huruma ya kweli ana kazi moja. Aje saa kumi alasiri, aulize dawa inayofuata ni ya saa ngapi, avue viatu, aketi na mgonjwa hadi magharibi, na amwambie mwenye kuuguza aende zake. Atakakokwenda, iwe pwani, barazani au kwa msusi, hakumhusu.