MSITUNI BURMA, KIONGOZI ALIKUWA NANI?

Wapo wanaoamini kuwa uongozi hushonwa begani. Mwenye nyota ni kiongozi, asiyenazo ni wa kuamrishwa tu! Ndivyo Waingereza walivyowachukulia askari wa Keya, na babu zetu wengi walizikwa ugenini chini ya imani hiyo.

Ndugu msomaji, twende Burma mwaka 1944. Mwezi Agosti, mvua ikimwagika usiku na mchana, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilitumwa kuwafukuza Wajapani bonde la Kabaw. Walikuwamo vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland. Bonde hilo liliitwa Bonde la Mauti, na si kwa mzaha. Malaria iliangusha watu kama risasi. Njia ziligeuka tope, chakula kikawa kinadondoshwa na ndege.

Vita vya msituni havina uwanja. Huoni mbele zaidi ya hatua chache. Adui amejichimbia shimoni, kajifunika majani, anangoja umkaribie. Bombomu likilia wote mnalala chini, na hapo hakuna jenerali wala kanali. Yupo sajini, pengine koplo, ambaye lazima aamue: turudi, tuzunguke ubavuni, au tuingie? Anaamua papo hapo, majeruhi akilia pembeni. Akikosea, wenzake wamekwisha. Huo kama si uongozi, ni nini?

Hatua kwa hatua walifika Kalewa, na Desemba 1944 jeshi likavuka mto Chindwin.

Sasa tuulize malipo. Askari mweusi wa Keya, hata angekuwa simba, alikomea cheo cha warant ofisa. Uofisa ulikuwa wa mzungu. Na kiinua mgongo? Nyaraka zilizoibuliwa mwaka 2019 zilionyesha kilipangwa kwa rangi ya ngozi, mzungu akipata hadi mara tatu ya mweusi. Eti risasi ya Mjapani nayo ilibagua!

Mtazameni Waruhiu Itote. Burma alikuwa koplo tu. Mwaka 1952 aliingia msitu wa Mlima Kenya, akawaongoza wapiganaji wa Mau Mau kwa jina la Jenerali China, akitumia ujuzi ule ule wa Burma. Januari 1954 alijeruhiwa na kukamatwa. Wakubwa wakamhukumu kifo, kisha wakamgeukia awasaidie kuzungumza na wenzake walio msituni. Koplo huyo huyo!

Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam ni ya mwaka 1927, kwa ajili ya vita vya kwanza. Hawa wa Burma haiwahusu. Karibu wote wameshafariki, medali zao zimebaki kwenye masanduku ya wajukuu. Serikali zetu ziyakusanye majina yao, vyeo walivyonyimwa na kazi waliyoifanya, yachapwe, yasomwe mashuleni. Zisingoje London iwafanyie.