Simu haijui upepo wa Paje!

Nilipanga kuandika kuhusu bumu, ila kuna jambo linanikereketa tangu Jumamosi, lazima nilitoe.

Mnajua sisi watu wa hosteli tukipata vijisenti tunapanda daladala la Jambiani, tunashuka Paje kuangalia watu wanavyovutwa na matiara yao baharini. Safari hii mshkaji wangu mwenyewe alikuwa anaingia. Akaniuliza, upepo vipi? Nikatoa simu: kilometa 25 kwa saa, safi kabisa!

Pembeni alikuwepo babu mmoja mvuvi anashona wavu. Akatazama kusini, akasema, "Wanangu, ngojeni lile wingu lipite." Mwalimu wa kaiti akacheka. Na mimi nikacheka. Baada ya kama dakika kumi upepo ukakata, kimyaaa, kisha ukaja wote kwa mpigo. Mshkaji akaburutwa mchangani, mkono ukavunjika. Wa kulia, jamani, na mitihani ni mwezi ujao!

Sasa nasikia watu hosteli wanasema ni bahati mbaya. Bahati mbaya gani? Upepo ulitoa taarifa, sisi ndio hatukusoma.

Ile namba ya kwenye simu ni hesabu ya kompyuta. Mahesabu mengi ya dunia nzima yanagawa ramani kwa vipande vya kilometa kumi na zaidi, kwa hiyo bahari, ufukwe na minazi vinaweza kuingia kapu moja. Halafu ni wastani. Wingu moja la mvua linalopita Paje kwa robo saa halimo humo. Na nguvu ya upepo haipandi kwa kujumlisha: ukitoka kilometa 25 ukafika 40, tiara linakuvuta zaidi ya mara mbili na nusu. Hiyo 40 ndiyo Mamlaka ya Hali ya Hewa huwa inawatolea tahadhari watu wa baharini!

Babu yeye aliangalia nini? Kwanza, upepo unatoka wapi. Kusi na kaskazi zote pale Paje zinakuja kwa mshazari kutoka baharini, ukishindwa zinakurudisha ufukweni. Ukiona unatoka bara, iwe alfajiri au mvua ikija, kaa chini, maana utapelekwa mwambani. Pili, rangi ya maji: povu jeupe huku na huku ni sawa, mstari mweusi unaokimbia juu ya maji ni hatari. Tatu, maji yenyewe. Bamvua likikupwa bahari inakimbia mbali, unabaki na mawe, vina vya urojo wa mguu, na vijiti vya mwani vya akina mama. Upepo ule ule uliokuwa mzuri maji yakiwa kifuani, hapo unakutupa kwenye jasho la mtu.

Najua mtasema naukataa usomi. Hapana! Simu inafaa usiku, kuamua kama nauli itakwenda bure. Ukishafika ufukweni, itie mfukoni, utumie macho. Na mwalimu anayelipwa kufundisha upepo halafu anamcheka mtu aliyeishi nao maisha yake yote, huyo anatuuzia nini hasa?

Ila kidole kinanirudia mwenyewe. Mwalimu alicheka, lakini namba niliisoma mimi. Kuanzia leo zamu ya kumwandikia mshkaji noti za darasani ni yangu, na Jumamosi nakwenda Paje kumpa babu shikamoo yake na kumwomba radhi.

Anayetaka kuja, tukutane kituoni saa mbili asubuhi. Simu mnaweza kuziacha.

Nawasilisha.