Beef Alikufa Jukwaani, Watu Wakapiga Makofi

Msinitukane kwa kuwapa spoila. Filamu yenyewe ilitoka 1974, mathe wangu hata hajazaliwa, kwa hivyo mmekuwa na muda wa kutosha.

Inaitwa Phantom of the Paradise. Iliongozwa na Brian De Palma, yule yule aliyekuja kutengeneza Carrie na Scarface. Ni muvi ya muziki wa roki, ya kuogofya, ya kuchekesha na ya mapenzi, zote kwa sufuria moja, na imepakwa rangi na vitu vya kumetameta mpaka macho yanauma. Kila mtu anaigiza kwa kelele. Nguo ni za wazimu. Mara ya kwanza niliitazama usiku, kwa simu yenye kioo kimepasuka, nikacheka karibu nusu saa. Halafu nikanyamaza, kwa sababu nilijiona mle ndani.

Stori iko hivi. Winslow Leach ni mtunzi wa nyimbo, jamaa mpole wa miwani, ametunga kazi ndefu kuhusu Faust, yule msee wa hadithi za Wajerumani aliyeuza roho yake kwa shetani. Tajiri mmoja wa muziki, Swan, anaisikia na kuipenda, kisha anamtuma mtu wake akaichukue. Winslow anaipeana kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna nakala, hakuna karatasi. Akienda kuulizia kwa lebo, na lebo inaitwa Death Records, yaani hawafichi hata kidogo, anatupwa nje. Akizidi kusumbua anawekelewa dawa za kulevya na kufungwa jela ya Sing Sing, ambako anang'olewa meno na kuwekewa ya chuma. Anatoroka, anaingia kiwandani kuharibu rekodi, mashine inamnasa kichwa. Uso unaungua. Sauti inaisha.

Na baada ya hayo yote, bado anasaini na Swan. Kwa damu.

Hapo ndipo watu hukasirika. "Kwani huyu ni mjinga?" Mimi sikukasirika. Swan hakumshika kwa pesa. Alimwahidi kwamba Phoenix, dem ambaye Winslow anaamini sauti yake kuliko zote duniani, ndiye ataimba ile kazi. Mtu akikupa nafasi ya kitu chako kusikika vile ulikisikia kichwani, utasaini hata karatasi zikiwa nene kama Biblia. Na zilikuwa nene. Kuna kifungu kinachompa Swan nguvu juu ya mwili wake, roho yake, damu yake na mali yake. Winslow anauliza, hii maana yake nini? Anaambiwa hicho ni kifungu cha mambo ya usafiri tu.

Nilisimamisha muvi hapo. Nikaenda kunywa maji.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipopigiwa simu na kampuni fulani ya kusimamia wasanii wa mtandaoni. Sitaitaja. Ofisi tao, kiti cha kuzunguka, kahawa ya bure. Kurasa kumi na moja. Nilisoma mbili. Kwa ukurasa wa pili kulikuwa na mstari kuhusu haki zote, kwa majukwaa yote, yaliyopo na yatakayovumbuliwa. Nikauliza, hii maana yake nini? Yule jamaa akacheka vizuri tu, akasema, "Hiyo ni kawaida, kila mtu husaini hiyo." Nikasaini, nikawapa na neno la siri la ukurasa wangu ili "wanisaidie kupanga".

Nikawa natoa video tatu kwa siku. Wiki hii mizaha, wiki ijayo mapishi, wiki nyingine mimi ni mshauri wa mapenzi, na sijawahi kupendwa zaidi ya miezi minne. Hii pia iko kwa muvi. Kuna wanaume watatu ambao mwanzoni wanaimba nyimbo za kizamani na nywele zimepakwa mafuta. Baadaye wanarudi kama kundi la ufukweni. Mwisho wanarudi wamepakwa rangi nyeusi na nyeupe usoni kama maiti. Ni watu wale wale watatu. Soko likigeuka, Swan anawabadilisha nguo tu.

Darasani nilikuwa jina kwa orodha. Nilikosa CAT, nikakosa mtihani, mwisho nikaacha kampasi nikiwa mwaka wa pili. Siku hiyo nilikaa kwa ngazi za hosteli nikawasha kamera. Sikuwa na wazo lolote. Nilikuwa nalia tu, na kamera ndiyo ilikuwa karibu. Video ikajihifadhi kwa akaunti, kampuni ikaiona, kampuni ikaipandisha.

Ndiyo video yangu iliyotazamwa zaidi hadi leo. Watu walikata kilio changu wakakiwekea biti. Mathe aliiona kwa grupu ya chama kabla sijamwambia nimeacha shule. Na kesho yake meneja akapiga simu. Hakuuliza niko aje. Alisema, "Wiki ijayo tufanye sehemu ya pili. Safari hii uvae fulana ya mdhamini."

Sasa nirudi kwa Beef. Swan anamsaliti Winslow na kumpa nafasi Beef, mwimbaji wa maringo mengi, nywele, jasho na kumetameta. Beef ndiye mtu wa kwanza kuhisi kuna kitu hakiko sawa. Anataka kuondoka, wanamrudisha. Akiwa jukwaani, Winslow anamrushia radi ya taa za neoni, na Beef anachomeka mbele ya ukumbi mzima. Umati unafanya nini? Unapiga makofi. Unalilia zaidi. Wanadhani ni sehemu ya shoo, na ukiangalia nyuso zao, hata sidhani wanajali kama si shoo.

Swan anaona hilo na anajifunza haraka. Anapanga kumwoa Phoenix pale pale jukwaani, kisha apigwe risasi televisheni ikionyesha moja kwa moja. Mipango inaharibika, damu inamwagika, Swan anakufa, Winslow anakufa. Na umati unacheza juu ya hayo yote.

Kila mtu akiongea kuhusu hii muvi anasema Swan ndiye shetani. Mimi nabisha. Swan ni mfanyabiashara. Anauza kile umati unanunua, na ule umati ni sisi. Nilipomchukia meneja wangu, ilibidi nikumbuke video ngapi za watu wakilia nimewahi kutuma kwa grupu na emoji ya kicheko. Nyingi. Sikuwahi kuuliza hata mmoja wao aliamkaje kesho yake.

Najua mtaniuliza, si ulisaini mwenyewe? Ndiyo. Na sheria yetu inasema hivyo hivyo: kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, mtu hawezi kuhamishiwa hakimiliki yako bila maandishi yenye sahihi yako. Ukitengeneza kitu, ni chako hata kabla hujakisajili. Yaani walikuwa hawana kitu hadi nikawapa. Nilidhani kusaini ni adabu tu, kama kuandika jina kwa kitabu cha wageni.

Sasa sikia hii. Swan aliigizwa na Paul Williams, ambaye pia ndiye alitunga nyimbo zote za hiyo filamu. Marekani ilianguka vibaya kwa kumbi, lakini Winnipeg, Kanada, vijana waliipenda wakairudia miezi mingi. Miaka mingi baadaye Daft Punk, walioikuwa wakiitazama tangu ujana wao, wakamwita Williams kwa albamu yao ya 2013. Na mwaka wa 2009 huyo huyo Swan alichaguliwa rais wa ASCAP, chama kinachowakusanyia watunzi wa Marekani pesa za nyimbo zao. Aliyeigiza mwizi wa Winslow akaishia kuwalinda kina Winslow. Kwa hivyo sisemi karatasi ni mbaya. Karatasi hizo hizo ndizo zinamlipa mtunzi. Inategemea nani amezisoma.

Ukurasa wangu wa zamani bado uko hewani, uso wangu bado unauza vitu ambavyo sijawahi kuonja. Huu mnaosoma niliuanza na wafuasi sifuri, na neno la siri liko kichwani mwangu pekee.

Kama kuna mtu amekutumia mkataba leo, usisaini leo. Lala nao. Mpe mtu asiyekuogopa asome kila ukurasa, na ukiambiwa "hiyo ni kawaida tu", mwambie basi aitoe, kama ni kitu kidogo.

Na ukiona mtu analia kwa skrini yako, kabla hujatuma kwa grupu, mwandikie yeye kwanza. Mimi kati ya maelfu waliotazama, waliniandikia watu watatu. Nawakumbuka wote.