Punda ni mnyama wa nje? Nani alimuuliza?

Ndugu wafugaji, juzi nilimshauri mchuuzi mmoja wa maji awajengee punda wake kibanda. Alicheka. "Bwana mifugo, punda ni mnyama wa nje. Hata babu hakuwajengea." Nambishia hapa hapa, maana najua wenye maneno hayo ni wengi.

Kweli punda anapenda nje. Asili yake ni nchi kame za kaskazini mashariki mwa Afrika, na jua halimsumbui sana. Mvua ndiyo inayomwumiza. Manyoya yake hayazuii maji kama ya farasi, hivyo analowa hadi kwenye ngozi na kutetemeka usiku kucha. Akiwa amekonda, homa ya mapafu haiko mbali. Kwato nazo zikishinda kwenye tope hulainika na kuoza. Asubuhi unamfunga mkokoteni, hasogei, unamchapa, unamwita mkaidi. Mkaidi ni nani hapo?

Jenga kibanda kisha usimfungie. Mvua ikianza ataingia mwenyewe, ikikatika atatoka. Hapo ndipo utajua anapenda nini.

Wapo wanaokosea kwa upande wa pili. Jioni wanawasukuma punda kwenye chumba kisicho na dirisha, kwa hofu ya wezi. Hofu hiyo naielewa. Tangu ngozi za punda zipate wanunuzi wa nje, wizi umetuumiza, na ingawa Umoja wa Afrika ulikubaliana Februari 2024 kuzuia uchinjaji kwa ajili ya ngozi, mwizi hasomi maazimio. Lakini chumba kisichopitisha hewa hujaa harufu kali ya mkojo, ile inayokuchoma macho ukifungua mlango. Yeye ameivuta mpaka asubuhi. Zizi la miti imara ubavuni mwa nyumba, nusu likiwa na paa, linalindika vilevile. Wakae wawili, maana punda akiwa peke yake hupooza.

Na mbwa? Huyu tunamfungia kwenye kibanda cha bati mchana kutwa "ili awe mkali." Mbwa hatoki jasho kama sisi, hujipoza kwa kuhema. Bati la saa saba mchana ni tanuri, na mara nyingi nakuta kopo la maji ni kavu. Ukali unaopatikana humo haumchagui mwizi, unamng'ata na mtoto wako. Mtaniambia akiachwa ataleta kichaa cha mbwa. Dawa ya kichaa ni chanjo kila mwaka, na uzio wa kumzuia asizurure. Mpe kivuli, maji, na mahali pa kuingia akitaka.

Gharama? Kwa punda wawili, mita 3 kwa 3 zinatosha: nguzo, paa la nyasi, sakafu iliyoinuliwa isituame maji, na upande wa wazi usielekee upepo. Nyasi na miti mnayo.

Yule mchuuzi amesema atafikiria. Mawingu yameshaanza kujikusanya.