Nyumba Yenye Magurudumu



Wahenga walinena kwamba kutembea kwingi ni kuona mengi. Hawakutuambia, hata hivyo, nani abaki nyumbani wakati mwenzake anatembea. Kwetu sisi tuishio mijini, aghalabu anayesafiri ni mmoja: baba kaitwa kikazi, mama kaenda msibani, mtoto karudi shule ya bweni. Familia nzima hupanda chombo kimoja labda mara moja kwa mwaka, na hapo kila mtu amesinzia hadi mwisho wa safari.

Jumapili ya leo nakualika tuitazame nchi ya mbali, Australia, ambako ziko familia za wafanyakazi wa kawaida, mafundi, walimu na wauguzi, zinazofunga nyumba zao kwa miezi sita au mwaka mzima na kuingia njiani pamoja: baba, mama na watoto. Hawaendi hotelini. Wanakokota nyumba yao nyuma ya gari.

Nyumba hiyo huitwa karavani. Ni chumba kimoja chenye magurudumu, na ndani yake mna vitanda, jiko la gesi, jokofu dogo na tangi la maji. Neno lenyewe asili yake ni Uajemi, nalo lilimaanisha msafara. Sisi ambao mababu zetu waliijua njia ya Bagamoyo hadi Ujiji hatuhitaji kufafanuliwa maana ya msafara. Huko Australia nako, kabla ya magari, mizigo ya bara ilibebwa na misafara ya ngamia walioletwa kwa wingi tangu miaka ya 1860, pamoja na wachungaji wao kutoka Afghanistan na nchi jirani zake. Magari yalipoingia, ngamia wengi waliachiwa huru, na hadi leo wajukuu wao wanazurura jangwani bila bwana.

LIKIZO YA MIAKA KUMI

Bila shaka utauliza, ndugu msomaji: mfanyakazi gani huyo mwenye kupata ruhusa ya miezi sita? Swali lako ni la haki. Australia, mbali na likizo ya wiki 4 kwa mwaka, ipo likizo nyingine ya kisheria kwa mtu aliyemtumikia mwajiri mmoja muda mrefu. Taratibu hutofautiana kutoka jimbo hadi jimbo, lakini kwa kawaida mtu aliyefanya kazi miaka 10 hupata takriban miezi miwili yenye malipo. Chimbuko lake ni karne ya 19, watumishi wa serikali ya kikoloni walipopewa muda wa kutosha kusafiri kwa meli hadi Uingereza na kurudi. Baadaye vyama vya wafanyakazi vikapigania haki hiyo iwafikie watu wote, na ikawafikia. Familia huunganisha likizo hiyo na ile ya mwaka, huipangisha nyumba ya mjini ili kodi isaidie mafuta ya gari, kisha huanza safari.

Na safari yenyewe si ya mchezo. Australia ina ukubwa unaokaribia mara 8 ya Tanzania, lakini watu wake ni kama milioni 27 tu, na wengi wao wamejipanga kandokando ya bahari. Barabara kuu inayoizunguka nchi hiyo ina urefu wa kilometa zipatazo 14,500. Kutoka Alice Springs, mji wa katikati ya nchi, hadi Darwin iliyoko pwani ya kaskazini, ni kilometa kama 1,500. Humo njiani utapishana na lori moja linalokokota matrela matatu, urefu wake mita 53, likikuachia wingu la vumbi jekundu. Dereva mwenye busara husimama kabla jua halijazama, maana hiyo ndiyo saa ya kangaruu kuvuka barabara.

LANGO LIACHE ULIVYOLIKUTA

Huko bara ndiko yaliko mashamba makubwa ya ng'ombe. Wenyewe huyaita stesheni, ingawa garimoshi halisimami hapo. Sisi tuyaite ranchi. Liko moja kusini mwa nchi, linaitwa Anna Creek, linalosifika kuwa kubwa kuliko yote duniani. Eneo lake linazidi kilometa za mraba 15,000, yaani linaushinda Mkoa mzima wa Kilimanjaro. Usidhani kwamba ukubwa huo ni utajiri mtupu. Ardhi ni kavu mno, majani ni haba, na mahali pengine ng'ombe mmoja huhitaji karibu kilometa ya mraba nzima ili apate kushiba. Maji hutoka katika visima virefu vilivyochimbwa hadi kwenye hifadhi kubwa ya maji iliyoko chini ya karibu robo ya ardhi ya nchi hiyo. Kisima kikikauka au bomba likikatika, ng'ombe hufa kwa kiu katika muda wa siku chache.

Ranchi nyingi siku hizi huwakaribisha wenye karavani. Kwa malipo madogo familia hupewa mahali pa kuegesha, maji, na kuni za kuota moto usiku. Lakini ipo amri moja ambayo kila mtoto hufundishwa kabla hajashuka garini: lango liache ulivyolikuta. Ukilikuta limefungwa, lifunge. Ukilikuta wazi, liache wazi. Mtu wa mjini aonaye lango limeachwa wazi hudhani ni uzembe, naye kwa nia njema hulifunga. Kumbe mwenye ranchi kaliacha makusudi ili ng'ombe waende kunywa maji upande wa pili. Wema usio na maarifa unaweza kuua kundi zima. Je, si mara nyingi sisi nasi huingia katika nyumba za wenzetu, hata katika ndoa za watoto wetu, tukafunga malango ambayo wenyewe waliyaacha wazi kwa sababu zao?

Wapo pia wanaokwenda ranchi kufanya kazi. Huko nao wangeielewa ile methali yetu ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Baba hutengeneza uzio, mama hupika au hufundisha watoto wa mwenyeji, vijana hulisha farasi. Wakati wa kuwakusanya ng'ombe, ambao wengi kaskazini wana nundu kama wa kwetu, hutumika farasi, pikipiki na hata helikopta. Mtoto aliyezoea kuiona nyama ikiwa imefungwa dukani hurudi anajua ni mikono mingapi iliyoifikisha pale.

DARASA HEWANI

Mzazi mwenye uchungu atauliza tena: na shule je? Swali hili lina majibu mazuri huko, maana nchi hiyo ilikwisha kulihangaikia kwa ajili ya watoto wa ranchi. Mwaka 1929 fundi mmoja aitwaye Alfred Traeger alikamilisha redio ambayo umeme wake ulipatikana kwa kukanyaga pedali, kama za baiskeli. Redio hizo ziliwawezesha watu wa bara kumwita daktari wa ndege, huduma iliyoanzishwa mwaka 1928 na mchungaji John Flynn katika mji wa Cloncurry. Baadaye mwalimu Adelaide Miethke akafikiri: ikiwa redio inamleta daktari, kwa nini isimlete mwalimu? Mwaka 1951 Shule ya Hewani ikafunguliwa Alice Springs. Watoto waliotengana kwa mamia ya kilometa wakaanza kuitikia majina yao katika darasa moja. Leo redio imeondoka na masomo hupita kwa setilaiti.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaufahamu wazo hilo kwa upande wa tiba, kwani mwaka 1957 madaktari wa ndege walianza kazi yao katika eneo letu, na shirika lao ndilo tunaloliita AMREF.

Watoto wa karavani nao husoma kwa masafa, au wazazi huomba kibali cha kuwafundisha wenyewe. Asubuhi meza ya chai hufutwa, madaftari yakatoka. Hesabu ni ya lita za mafuta kwa kilometa. Jiografia iko dirishani. Lakini tusidanganyane. Mzazi asiye na subira ataugeuza mwaka huo kuwa adhabu. Chumba ni kimoja, mvua ikinyesha hakuna pa kukimbilia, na maji ya tangi lazima yapimwe: ya kunywa kwanza, ya kupikia pili, ya kuoga yakibaki. Familia isiyojua kugawana kazi hujulikana ndani ya wiki moja. Ndiyo maana wenye uzoefu humpa kila mtu wajibu wake: huyu hukagua matairi, yule hujaza maji, mdogo kabisa huhakikisha milango ya makabati imefungwa kabla gari halijaondoka.

WALIOIJENGA NCHI

Hata hivyo, ndugu msomaji, msafiri aipitaye nchi ya ng'ombe bila kuuliza nani aliyewachunga ameona nusu tu. Kwa miongo mingi kazi ya ranchi za kaskazini ilitegemea wenyeji wa asili, watu ambao ardhi ile ilikuwa yao kabla ya ng'ombe wa kwanza kufika. Wengi walilipwa posho ya unga, chai, sukari, nyama na tumbaku, pamoja na fedha kidogo isiyolingana kabisa na mshahara wa mzungu.

Mwezi Agosti 1966, wachungaji, watumishi wa nyumbani na familia zao, watu wapatao 200 wa kabila la Wagurindji, waliacha kazi katika ranchi ya Wave Hill iliyokuwa mali ya ukoo wa Vestey wa Uingereza. Kiongozi wao alikuwa Vincent Lingiari. Watu walidhani wanadai mshahara tu. Ikadhihirika kwamba wanadai ardhi yao. Walipiga kambi mahali paitwapo Wattie Creek, wakakaa miaka, watoto wakazaliwa na kukua mgomoni. Tarehe 16 Agosti 1975, Waziri Mkuu Gough Whitlam alichota mchanga akaumimina katika kiganja cha Lingiari, kuonyesha kwamba sehemu ya ardhi imerejea kwa wenyewe. Hati kamili ilipatikana mwaka 1986.

Mshahara sawa nao uliamuliwa kisheria, ukaanza kutumika Desemba 1968. Lakini ranchi nyingi, badala ya kulipa haki hiyo, ziliwaondoa wafanyakazi hao na familia zao, wakaishia kwenye makambi kandokando ya miji. Kwa hiyo mzazi anayeegesha karavani yake chini ya mti wa ranchi ana deni la kuwasimulia watoto wake habari hizi. Mandhari bila historia ni picha ya ukutani tu.

PWANI

Baada ya vumbi, familia huteremkia baharini. Magharibi uko mji wa Broome, uliostawi kwa chaza. Kombe zake zilitengenezwa vifungo vya mashati ulimwenguni kote, hadi plastiki ilipochukua nafasi yake. Wapiga mbizi walikuwa Wajapani, Wamalai na wenyeji wa asili, na makaburi ya Wajapani pale yanaonyesha bei halisi ya kifungo kimoja. Mtu wa Bagamoyo au wa Lamu angestaajabia maji yake: wakati wa bamvua hupanda na kushuka kwa kiasi cha mita 10. Yakishuka sana, watoto huonyeshwa nyayo za madinosaria zilizoganda mwambani.

Kusini zaidi yako matumbawe ya Ningaloo, na kambi za mchangani ambako hakuna umeme wala bomba. Hapo, kuanzia mwezi Machi, hufika samaki mkubwa kupita wote, ambaye ndugu zetu wa Mafia humwita potwe na kumwona karibu na Kilindoni mwisho wa mwaka. Bahari ni moja, ndugu msomaji. Ni sisi tuliozigawa fukwe. Bali kaskazini watoto hawaruhusiwi kuogelea ovyo, maana wapo mamba wa maji ya chumvi na, majira ya mvua, konyeza ambao sumu yao huua.

LETU NI LIPI?

Sikuandika haya ili mtu akatamani karavani. Bei yake ni kubwa, na barabara zetu na mishahara yetu ina masharti mengine. Lakini mambo matatu yako ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania siku 28 mfululizo kwa mwaka. Ni haki iliyotafutwa kwa jasho, nayo haikutolewa ili mtu akae kibarazani akilalamikia joto.

Pili, njia. Mpeleke mtoto kwa babu na bibi, lakini safirini mchana ili aione nchi inavyobadilika. Mwoneshe mkonge, mwambie nani waliukata na kwa ujira gani. Mwoneshe reli, mwambie nani waliilaza.

Tatu, kazi. Mtoto asiende kijijini kama mgeni rasmi. Ateke maji, achunge mbuzi, aulize kabla ya kugusa. Akishajifunza kwamba lango analolikuta wazi huenda liliachwa hivyo kwa sababu, na kwamba ni heri kumwuliza mwenye shamba kuliko kumfungia, atakuwa amepata elimu ambayo darasani si rahisi kuipata.

Tukutane Jumapili ijayo.