Wino Mwekundu Uendao Mrama

Wako wasahihishaji wa Kiingereza ambao, wakiona "different" imefuatwa na "to" badala ya "from", hawana subira. Kalamu nyekundu hushuka mara moja. Kanuni hiyo H. W. Fowler, Mwingereza na bingwa wa sarufi, aliiita ushirikina tangu 1926. Lakini msahihishaji yuyo huyo huipitisha salama sentensi hii: "The population of Tanzania is larger than Kenya." Idadi ya watu yapimwaje na nchi? Ilipasa kuandikwa "than that of Kenya".

Kosa la pili ni zito zaidi. "Asha loves Juma more than I" si sawa na "more than me". Ya kwanza maana yake Asha ampenda Juma kuliko nimpendavyo mimi. Ya pili, kuliko anipendavyo mimi. Kiswahili husema "kuliko mimi" kwa zote mbili, nayo maana huachiwa msikilizaji. Hivyo mwenye lugha hii haoni mpaka asipoonyeshwa. Dawa yake ni kitenzi: "more than I do", au "more than she loves me". Mwanafunzi aliyekatwa alama kwa "to" hakuambiwa hata neno moja la haya.